Fedha ya Wenye Afya: Somo juu ya Hospitali ya Mji wa Tredegar

Katika somo la mwezi huu twataka kuwaeleza habari za hospitali moja ndogo ya mji mdogo ulio mbali sana na kwetu. Labda mtauliza: Habari hizi zatuhusu nini? Ili tujibu swali hilo, yafaa tuanze nyumbani.

Sisi tulio wachungaji huitwa mara nyingi katika nyumba za namna mbili, nyumba ya mgonjwa na nyumba ya matanga. Katika nyumba ya matanga twaona ya kuwa jua halijatua, na daftari limekwisha kufunguliwa. Mtu ameketi mezani akiandika majina na fedha. Turubai limefungwa, mchele umeletwa, sanduku limeagizwa, na gari la kuchukua maiti limepatikana. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa tajiri au maskini. Lakini katika nyumba ya mgonjwa mambo si hivyo. Mwenye nyumba huzunguka peke yake, akibisha hodi mlango hata mlango, akiaibika. Huyu amwambia arudi kesho, na yule amwambia asubiri mwisho wa mwezi. Mwishowe mbuzi au ng'ombe auzwa kwa bei ya haraka, na shamba lawekwa rehani.

Twamkumbuka mama mmoja, mjane, aliyeugua tumbo. Siku tatu ndugu zake walitafuta nauli na fedha ya kutanguliza hospitalini. Siku ya nne walimpeleka, lakini alikuwa amekwisha kulegea sana, akafariki. Tulipomzika, mweka hazina alisoma hesabu ya michango mbele ya watu, nasi tukasikia kwa masikio yetu ya kuwa fedha iliyopatikana kwa maziko ilizidi mara mbili ile iliyokosekana kwa matibabu. Watu wale wale, mifuko ile ile, juma lile lile. Tulirudi nyumbani bila neno la kusema.

Basi, habari za Tredegar ni habari za watu walioshindana na jambo hilo hilo. Tuzisome polepole, tukitazama walilofanya vema na walilokosa.

1. Mji na watu wake

Tredegar ni mji wa kusini mwa nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Nchi ile ni ya milima na mabonde membamba, nao mji umeketi katika bonde la mto Sirhowy. Hapo kale palikuwa na kondoo na nyumba chache tu. Lakini chini ya ardhi palikuwa na mawe ya chuma na makaa ya mawe. Mwaka 1800 kampuni moja ilianza kujenga matanuru ya kuyeyushia chuma mahali pale, na watu wakamiminika kutoka pande zote kutafuta kazi. Hivyo mji ulizaliwa, si kwa shauri la wenyeji, bali kwa ajili ya kazi. Baadaye, faida ya chuma ilipopungua, makaa ya mawe yalichukua nafasi yake, na wanaume wengi wakashuka mashimoni.

Kazi ile ilikuwa ngumu na ya hatari. Mawe yaliwaangukia watu, magari ya makaa yaliwakanyaga, na hewa mbaya ililipuka ndani ya mashimo. Katika bonde jingine la Wales, mahali paitwapo Senghenydd, wachimbaji 439 walikufa kwa mlipuko mmoja tarehe 14 Oktoba 1913. Tena palikuwa na kifo kingine, kisicho na kelele: vumbi la makaa liliingia mapafuni mwaka baada ya mwaka, hata mtu wa miaka hamsini akawa hawezi kupanda ngazi ya nyumba yake.

Juu ya hayo nyumba zilisongamana, na maji hayakuwa safi. Kipindupindu kiliingia katika mji ule mwaka 1832, na tena mwaka 1849. Hofu ilikuwa kubwa hata watu hawakutaka waliokufa kwa ugonjwa ule wazikwe pamoja na wengine, wakawapeleka juu mlimani, mahali paitwapo Cefn Golau, penye upepo mkali. Mawe ya makaburi yale yamesimama kule miaka mingi, mengine yameinama, mengine yameanguka.

Mwaka 1858 watu wa Tredegar walisimamisha katikati ya mji mnara wa saa uliofanywa kwa chuma, mzuri na mrefu, nao ni sifa ya mji hata leo. Hospitali waliipata mwaka 1904. Hivyo mji ulikuwa na saa kubwa miaka 46 kabla ya kuwa na vitanda vyake vya wagonjwa. Hatusemi hayo ili kuwacheka. Nasi pia twajua jinsi ilivyo rahisi kuchangia kinachoonekana na wote, na jinsi ilivyo vigumu kuchangia kitanda ambacho kila mtu atumaini hatakilalia.

2. Chama cha msaada wa tiba

Katika mabonde yale ilikuwapo desturi ya zamani. Kampuni ilikata fedha kidogo katika mshahara wa kila mfanya kazi, ikamlipa daktari. Desturi hiyo ilikuwa na wema wake, maana mtu aliyeumia alipata daktari bila kutafuta fedha siku ya kuumia. Lakini ilikuwa na ubaya wake pia. Daktari aliwekwa na kampuni, akaitazama kampuni. Mfanya kazi alilipa, lakini hakuulizwa neno. Twajua sisi sote ya kuwa anayetoa fedha bila kuulizwa neno huchoka upesi.

Kwa hiyo wafanya kazi wa Tredegar walitaka fedha yao isimamiwe na wao wenyewe. Mwaka 1890 chama chao cha msaada wa tiba kilisimama, chenye kamati iliyochaguliwa na wanachama. Watu hawa hawakuwa wasomi. Lakini walikuwa wamejifunza kuendesha mikutano katika makanisa yao madogo, ambayo yalikuwa mengi katika mabonde yale, na katika vyama vya wachimbaji. Walijua kuandika maazimio, kutunza daftari, kusoma hesabu mbele ya watu, na kumwondoa kwa kura mtu asiyefaa.

Sasa tuangalie mchango wao, kwa maana ndipo penye kiini cha somo letu. Kila mwanachama alitoa peni 3 katika kila pauni ya mshahara wake. Pauni moja ya siku zile ilikuwa peni 240. Basi peni 3 katika 240 ni sehemu moja katika sehemu 80. Ni kama kusema: ukipata shilingi 80, toa 1, ukipata shilingi 8,000, toa 100. Mwenye mshahara mkubwa alitoa nyingi, mwenye mshahara mdogo alitoa kidogo, na wote walitibiwa sawasawa. Tena fedha hiyo ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Mtu hakushindana na nafsi yake kila juma, akijiuliza: Je, nitoe au ninunue kitu kingine?

Kwa peni hizo chama kiliajiri madaktari, mpasuaji, watengenezaji wa dawa, mganga wa meno, na muuguzi wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wala si mfanya kazi peke yake aliyetibiwa, bali na mkewe na watoto wake. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1911 serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya bima kwa wafanya kazi wa mishahara midogo, lakini sheria ile ilimpa daktari mfanya kazi mwenyewe tu. Mke na watoto waliachwa nje. Katika Tredegar hawakuachwa. Hata watu wa mjini ambao hawakufanya kazi mashimoni, kama vile wenye maduka na walimu, waliruhusiwa kuingia kwa kulipa ada. Baada ya miaka, karibu watu 95 katika kila 100 wa mji ule walikuwa chini ya chama.

3. Hospitali yajengwa

Chama kilikuwa na madaktari, lakini mji haukuwa na hospitali. Hospitali kubwa zilikuwa katika miji ya pwani, kama Newport na Cardiff. Mtu aliyevunjika mfupa shimoni alikuwa na safari ndefu mbele yake. Nasi tuliowahi kumchukua mgonjwa kwa machela twajua ya kuwa njia yenyewe huweza kuua.

Ndipo shauri la kujenga lilipofanywa. Mwenye ardhi, aliyeitwa Lord Tredegar, alitoa kiwanja, akaongeza pauni 1,000. Nao wafanya kazi, wanaume na vijana, walikubali kutoa nusu ya peni kila juma. Tuzipime fedha hizo mbili. Pauni 1,000 za tajiri zilitolewa mara moja, zikasaidia kujenga kuta. Nusu ya peni ya mchimbaji ilikuwa ndogo hata ni aibu kuitaja. Lakini ilikuja juma hili na juma lijalo, mwaka huu na mwaka ujao. Kuta hujengwa mara moja. Mshahara wa muuguzi, sabuni, makaa ya kupashia moto nyumba, nguo za vitanda, dawa za kusafishia majeraha, hivi vyote huisha na kutakiwa tena. Zawadi kubwa yaweza kuanzisha hospitali. Lakini kinachoilisha ni mchango mdogo usiokoma.

Hapa tuseme neno kwa sharika zetu. Mara ngapi tumeona zahanati iliyofunguliwa kwa nyimbo na hotuba, ikiwa na jiwe la msingi lenye jina la mgeni mkubwa, na baada ya miaka michache kabati la dawa ni tupu, na mlango wafunguliwa siku mbili kwa juma? Kuta hazikuanguka. Kilichokosekana ni nusu ya peni.

Hospitali ya Tredegar ilifunguliwa mwaka 1904. Ilikuwa ndogo, ya vitanda vichache, lakini ilikuwa yao. Mchimbaji aliyelala pale hakulala kama mwombaji wa sadaka. Alikuwa amelipa kabla ya kuumia, na jirani yake aliye mzima alikuwa akiendelea kumlipia. Ndiyo maana twaziita fedha zile fedha ya wenye afya. Tukingoja mgonjwa alipe, twamwomba fedha mtu siku ambayo hawezi kufanya kazi, hawezi kulima, wala hawezi kwenda sokoni. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kudai fedha.

4. Mtoto wa mchimbaji

Katika mji huo alizaliwa mwaka 1897 mtoto aitwaye Aneurin Bevan, mmoja wa watoto kumi wa mchimbaji wa makaa. Nao si wote waliofika utu uzima. Alikuwa na kigugumizi, akaacha shule akiwa na miaka 13, akashuka shimoni. Usiku alisoma vitabu vya maktaba ya wafanya kazi. Baadaye wachimbaji wenzake walimpeleka London kusoma miaka miwili katika chuo cha wafanya kazi. Aliporudi mwaka 1921 hakupata kazi muda mrefu.

Mwaka 1925 baba yake, David Bevan, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la makaa. Familia haikupata fidia, kwa kuwa siku zile ugonjwa huo haukuwa katika orodha ya magonjwa yaliyolipiwa. Fikirini uchungu wa kijana yule: baba ameuawa na kazi yake, na sheria yasema haikuona.

Katika miaka ile ya 1920 Bevan aliingia katika baraza la mji, akawa pia mmoja wa kamati ya hospitali. Hapo alijifunza mambo ambayo hakuyasoma London: bei ya dawa, ugomvi wa wauguzi, hesabu zisizolingana, na madaktari wanaotaka hili na lile. Mwaka 1929 alichaguliwa kuingia katika Bunge.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha katika Ulaya, mwaka 1945, Bevan alifanywa Waziri wa Afya. Serikali yake ilitaka matibabu kwa watu wote. Madaktari wengi walipinga; walipopiga kura mwezi wa Februari 1948, karibu tisa katika kila kumi walikataa. Hata hivyo tarehe 5 Julai 1948 kazi ilianza. Hospitali zaidi ya 2,600 za Uingereza na Wales ziliwekwa chini ya serikali, na kila mtu, tajiri na maskini, akaweza kutibiwa bila kulipa siku ya ugonjwa. Bevan mwenyewe alisema waziwazi ya kuwa alikuwa akiwapa watu wote kile ambacho mji wake ulikuwa nacho tangu zamani.

Hivyo nusu ya peni ya bonde moja ilikuwa mwalimu wa taifa zima.

5. Makosa na hasara

Wasomaji wetu wasidhani ya kuwa twawasimulia habari za malaika. Chama kile kilikuwa na matatizo yake. Daktari mmoja kijana, A. J. Cronin, alifanya kazi Tredegar tangu mwaka 1921 hata mwaka 1924, na mwaka 1937 alitoa hadithi iitwayo The Citadel, ambayo sehemu yake yafuata mambo aliyoyaona katika mabonde yale. Katika hadithi hiyo kuna wachimbaji wanaotaka daktari awaandikie cheti cha ugonjwa nao si wagonjwa, na kuna kamati inayomsumbua daktari kwa mambo isiyoyajua. Jambo hili yafaa tulikubali bila kuficha: mfuko wa watu wote huwavuta pia wavivu, na wachaguliwa wa watu huweza kujiona wajuzi wa kila kitu. Kamati njema yajua mambo yake, yaani fedha, nyumba na uaminifu. Na yajua pia mambo ya daktari, yaani kisu na dawa, isiyashike.

Tena palikuwa na udhaifu mwingine. Mchango uliotegemea mshahara ulisimama pamoja na mshahara, na ulianguka pamoja nao. Mwaka 1926 wachimbaji wa Uingereza na Wales walifungiwa nje ya machimbo miezi mingi kwa ugomvi wa mishahara. Pasipo mshahara hapana peni ya kukatwa. Lakini magonjwa hayafungiwi nje. Mfuko wa mji mmoja wenye kazi ya namna moja una hatari hiyo: wote hupungukiwa siku moja. Ndiyo sababu moja ya kutaka mfuko mpana zaidi, ambamo bonde lenye njaa lasaidiwa na bonde lenye shibe.

Na upana nao una bei yake. Mwaka 1948 hospitali ya Tredegar iliingia mikononi mwa serikali pamoja na nyingine zote. Watu wa mji walipata zaidi kuliko walivyokuwa nacho, maana sasa hospitali kubwa za nchi zilikuwa zao pia. Lakini neno la mwisho halikuwa tena mezani pa kamati yao. Wala matibabu ya bure hayakuwa bila gharama. Mwaka 1951 serikali iliazimu watu walipe sehemu ya bei ya meno ya bandia na miwani, na Bevan akajiuzulu uwaziri kwa ajili hiyo. Alifariki mwaka 1960. Na mwaka 2010 hospitali ile ya 1904 ilifungwa, na kazi yake ikahamishiwa katika hospitali mpya ya mji jirani wa Ebbw Vale, iliyopewa jina la Aneurin Bevan. Kwa hiyo jina la mwana wa Tredegar liko mlangoni, lakini mlango wenyewe uko Ebbw Vale.

Je, ilikuwa faida au hasara? Sisi twasema ilikuwa faida kubwa yenye hasara ndani yake. Anayesimulia faida peke yake hajasimulia yote.

6. Mambo ya kwetu

Sasa turudi nyumbani. Katika Tanzania, baada ya Uhuru, hospitali za serikali zilitibu bila malipo. Mwaka 1993 malipo yalianza kuwekwa, na watu wakajua tena shida ya kutafuta fedha siku ya ugonjwa. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa katika wilaya ya Igunga: kila nyumba ilitakiwa kutoa ada kwa mwaka, kisha watu wa nyumba hiyo watibiwe. Mwaka 2001 sheria ya mfuko huo ilitungwa, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa watu wote.

Lakini sheria haimwingizi mtu moyoni. Tumesikia maneno haya barazani na baada ya ibada: Mwaka jana nilitoa, wala sikuugua, fedha yangu imepotea. Neno hilo lataka jibu. Tuweke mfano. Tuseme kijiji kina nyumba 200, na kila nyumba yatoa shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Tuseme katika mwaka nyumba 20 zapata ugonjwa mkubwa; kila moja yaweza kusaidiwa kwa shilingi 100,000. Lakini kama nyumba zenye afya zikisema, Sisi hatuumwi, zikabaki nje, na zile 20 tu zikatoa, jumla ni shilingi 200,000, na kila mgonjwa apata shilingi 10,000, yaani ile ile aliyoitoa. Hapo hapana mfuko tena. Kila mtu amerudishiwa fedha yake akiwa kitandani. Basi yule aliyetoa asiugue hakupoteza kitu. Fedha yake ilikwenda kumsimamisha jirani. Naye alilala mwaka mzima akijua ya kuwa kama angeugua yeye, wengine 199 walikuwa nyuma yake.

Tena tujifunze kwa Tredegar namna ya kukusanya. Wao walikata peni katika mshahara. Sisi wengi wetu hatuna mshahara. Tuna kahawa, mahindi, alizeti, pamba na maziwa. Mkulima akidaiwa ada mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu, atasema hana, naye hasemi uongo. Akidaiwa siku ya kupokea fedha za mavuno, atatoa. Hekima ya wachimbaji haikuwa katika hesabu ya peni tu, bali katika saa ya kuitwaa: kabla fedha haijapata kazi nyingine.

Na hesabu isomwe. Mahali ambapo mweka hazina hasomi hesabu mbele ya watu, wenye afya ndio wa kwanza kuondoka, na wagonjwa wabaki peke yao.

Mwisho twawakumbusha habari ya Msamaria mwema, iliyo katika Injili ya Luka, sura ya kumi. Mara nyingi twasifu mafuta na divai aliyotia katika majeraha, na mnyama aliyempandisha yule mtu. Lakini angalieni ya kuwa habari ile ina nyumba ya wageni, ina mtu wa kumtunza mgonjwa, na ina dinari mbili zilizolipwa mapema, pamoja na ahadi ya kulipa zitakazozidi. Huruma ilianza njiani, lakini haikuishia njiani. Kama Msamaria angekuwa na machozi tu na mfuko mtupu, yule mtu angelala wapi?

Mjane tuliyemtaja mwanzoni tulimlilia sana. Machozi yalikuwako, na fedha ilikuwako. Vilikuja siku ya tano, navyo vilitakiwa siku ya kwanza. Tredegar walijenga hospitali kwa sababu walikubali kutoa siku ambayo hakuna aliyelia. Hilo ndilo somo lote.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika usharika wetu, mwaka uliopita, tulitoa kiasi gani kwa matanga, na kiasi gani kwa wagonjwa? Nani anayo daftari?

2. Kwa nini sehemu moja katika sehemu 80 ya mshahara ni mchango wa haki kuliko ada iliyo sawa kwa tajiri na maskini? Na sisi wakulima twaweza kuupimaje?

3. Ni mwezi gani mkulima wa kwetu aweza kutoa bila kuumia?

4. Je, mfuko ukiwa wa nchi nzima, twawezaje kulinda moyo wa watu wa mahali, wasiseme, Hospitali ni ya serikali, haituhusu?

5. Nani katika mtaa wetu aliye mgonjwa juma hili, naye hajabisha hodi bado kwa sababu ya aibu? Twende kwake kabla hajaja kwetu.